Jiwe Jeupe la Mutindi

Kila Jumamosi Layla alikuwa na kazi mbili kabla ya kuruhusiwa kucheza. Kwanza aende madrasa. Pili, akitoka huko, amsaidie baba yake, Zubair, kutoa magodoro nje ya duka na kuyaegemeza ukutani ili wapita njia wayaone. Duka lenyewe liko mjini Machakos, kwenye barabara ya kuteremkia sokoni, na magodoro yakiwa nje huwezi kulikosa. Zubair alikuwa mtu wa maneno machache na wa kujali saa. Ukimwambia utarudi kabla ya alasiri, basi uwe umerudi kabla ya alasiri, usije ukaanza kumweleza habari za njiani.

Jumamosi hiyo Layla alipewa ruhusa ya kukosa madrasa. Klabu ya mazingira ya shule yao ilikuwa inakwenda kutembea katika msitu wa Kithunguni, juu ya mji, na Mwalimu Titus alikuwa amekuja dukani mwenyewe kumwombea.

"Arudi kabla ya alasiri," Zubair alisema.

"Atarudi," Mwalimu aliahidi.

Njia ya Kithunguni si ya kuogopesha mtu. Inaanzia langoni, inapanda taratibu katikati ya mikaratusi, inapita ukingoni mahali unapouona Mto Kaluu chini ukipinda kwenye mchanga wake, kisha inazunguka na kukurudisha pale pale langoni. Mama mwenye mtoto mgongoni huimaliza bila kutweta. Jumapili huja wageni kutoka Syokimau na viatu vyao vya bei, wamejifunga chupa za maji kiunoni utadhani wanapanda Mlima Kenya. Wanaupiga mto picha, wanarudi zao. Sisi wa huku huwaangalia tu tukacheka kimoyomoyo.

Lakini lango lile lina desturi yake, na kila mtu huifuata, awe mgeni au mwenyeji. Kando ya lango kuna mwamba bapa, mpana kama meza. Ukiingia msituni unaokota jiwe na kuliweka juu ya mwamba. Ukitoka unalichukua jiwe lako na kulitupa. Walioanzisha jambo hili ni akina mama wanaookota kuni, baada ya mwenzao mmoja kuangukiwa na tawi na kulala huko peke yake hadi kesho yake, kila mtu akidhani kwamba ametangulia nyumbani. Tangu hapo lango halifungwi jiwe likiwa bado juu ya mwamba. Likibaki hata moja, watu wanaingia kutafuta, kuwe na mvua au jua.

Masila, mlinzi wa msitu, aliwaeleza wanafunzi hayo yote kabla hajawafungulia. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti la kijani lililopauka mabegani.

"Ukiumia huko ndani, usihangaike kujikokota ukapotea zaidi," alisema. "Kaa hapo hapo ulipo. Tutaona jiwe lako na tutakuja. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

Mwalimu Titus naye akaongeza lake. Kila mtu atembee na mwenzake. Hakuna kutoka njiani, hata hatua moja. Muhula uliopita wavulana fulani walitoka njiani kufukuza nyani, wakarudi wamechanika nguo, na mwalimu mkuu alimkemea Mwalimu Titus mbele ya walimu wenzake. Hakutaka jambo hilo lijirudie. "Wawili wowote watakaovunja sheria hiyo wanatoka klabuni," alisema, "na wazazi wao wanakuja shuleni Jumatatu."

Layla aliokota jiwe la kijivu, la kawaida tu. Mwenzake, Mutindi, alitafuta sana kabla ya kupata la kumridhisha. Lilikuwa jeupe, lenye kumetameta, la ukubwa wa yai.

"Hata jiwe unalichagua kama nguo ya Krismasi," Layla alimtania.

"Nataka mtu akiliona ajue ni la nani," Mutindi alijibu, akaliweka kando ya lile la kijivu.

Wawili hawa walikuwa marafiki tangu chekechea. Layla alikuwa mpole, mwenye kufikiri sana kabla ya kusema. Mutindi alikuwa na mbio. Shuleni hapakuwa na mvulana wa rika lake aliyeweza kumshinda, na tayari alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya kaunti. Siku hiyo alikuwa na simu ya mama yake, Kamanthe, aliyompa shingo upande ili apige picha za klabu. Kamanthe alipika muthokoi, ile pure ya mahindi na maharagwe, na kuwauzia mafundi wa majengo, na wateja wake wote walimpigia kwa simu hiyo. "Ikipotea, usirudi nyumbani," alimwambia binti yake, kama mama yeyote anavyosema bila kuwa na maana hiyo.

Mutindi alipiga picha kila kitu. Alipiga picha uyoga, kinyonga, hata kinyesi cha nyani. Kwa hiyo walipofika ukingoni pa kuutazama mto, wenzao wote walikuwa wamekwisha kupita. Mto ulikuwa na maji kidogo tu, mkondo mwembamba uliopita katikati ya mchanga mwingi. Mutindi akainama kupata picha nzuri. Simu ikamponyoka, ikateleza kwenye mteremko, ikaenda kulala mchangani kule chini. Kifuniko chake chekundu kilionekana wazi kabisa.

Mutindi alishika kichwa. "Mwaitu ataniua," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kikamba.

"Tumwambie Mwalimu," Layla alisema.

"Tumwambie nini? Atasema tulikuwa tunatoka njiani. Tutafukuzwa klabu sote wawili. Wewe enda. Mimi nashuka chapchap, nitakukuta langoni."

Layla alitazama mteremko. Haukuwa mkali sana, ila ulikuwa wa mawe yaliyolegea. Halafu akatazama jua, akamkumbuka baba yake. Mbali huko juu milimani mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, lakini pale waliposimama hapakuwa na tone.

"Usichelewe, Mutindi."

"Kati yangu na wewe nani anajua kukimbia?" Mutindi alicheka, akaanza kushuka akishikilia mizizi.

Layla alikwenda polepole akigeuka kila mara. Hakuna aliyekuja nyuma yake. Alipofika langoni, wenzake walikuwa wakimalizia soda na mikate, na wengine walikuwa wameanza kwenda makwao, maana wote walikaa karibu. Juu ya mwamba yalibaki mawe mawili tu, la kijivu na jeupe. Aliyatazama, akaitazama njia. Mutindi hakuonekana.

Mwalimu Titus alikuwa ameinama kupanga chupa tupu katika kreti. Layla alichukua jiwe lake akalitupa. Kisha alifikiri, na alifikiri kwa haraka kuliko kawaida yake. Mwalimu akiliona jiwe jeupe atauliza. Akiuliza, mambo yatajulikana, na Mutindi atatolewa klabuni na mama yake ataitwa. Lakini Mutindi yu njiani tu. Na upande wa mto ua wa seng'enge una upenyo ambao kila mtoto wa Machakos anaujua. Hata lango likifungwa, atapita.

Akalichukua jiwe jeupe, akalirusha nyasini.

"Layla, mwenzako yuko wapi?" Mwalimu aliuliza akijinyoosha.

"Ametoka, Mwalimu. Ameenda nyumbani."

Mwalimu aliutazama mwamba. Masila pia aliutazama. Ulikuwa mtupu. Masila akafunga lango, akatia ufunguo mfukoni, wakaagana.

Layla alifika dukani kabla ya alasiri, na Zubair akatikisa kichwa kwa kuridhika. Layla aliswali, akala, akakaa nje kwenye magodoro akitazama barabara ya kutokea Kithunguni. Alikuwa na hakika kwamba muda wowote Mutindi angetokea akicheka na simu mkononi. Huko milimani ngurumo zilianza. Mvua ilionekana kwa mbali, imening'inia kama pazia la kijivu, lakini mjini vumbi lilikuwa bado linapulizwa. Watu wa Machakos tunaijua mito yetu. Inaweza kukauka pale uliposimama, na kumbe maji yako njiani yanakuja kutoka kwenye mvua usiyoiona. Layla alilijua hilo tangu akiwa mdogo sana. Alijaribu kutolifikiria.

Jua lilipoanza kushuka, aliyetokea kwenye barabara hiyo alikuwa Kamanthe. Alikuwa bado amevaa aproni yake, na alitembea kwa haraka.

"Layla, mwenzako yuko wapi?" aliuliza kabla hata ya salamu. "Hajafika nyumbani. Nimepita kwa Mwalimu Titus, anasema walitoka wote. Nimeenda kwa Masila, naye anasema mwamba uko mtupu. Simu yangu inalia tu, haishikwi. Sasa hata kulia imeacha."

Layla alifungua mdomo. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa uongo mwingine, nao ulikuwa tayari kabisa. Labda amepitia kwa shangazi yake. Ungetoka kwa urahisi sana. Lakini alimwona Kamanthe anavyoikunja ile aproni kwa mikono miwili, na akauacha uongo ule.

Zubair alikuwa ametoka ndani. Alimtazama binti yake usoni. "Layla," alisema taratibu, "sema."

"Hakutoka," Layla alisema. "Simu ilianguka mtoni, akashuka kuifuata. Jiwe lake nimelitoa mimi."

Kamanthe hakupiga kelele. Aligeuka kuitazama ile mvua ya milimani, kisha akaanza kukimbia.

Zubair hakumpiga Layla wala hakumfokea, na hilo lilimwumiza zaidi. Aliacha magodoro nje na duka wazi, akawasimamisha bodaboda wawili, mmoja ambebe Kamanthe na mwingine yeye na Layla. Njiani alizungumza na Masila kwa simu, akazungumza na Mwalimu Titus. Walipofika langoni, Masila alikuwa amekwisha kulifungua, ana kamba begani. Kutoka kule chini ulisikika mngurumo ambao asubuhi haukuwapo. Mto ulikuwa umekuja.

"Kaa hapa kwenye mwamba," Zubair alimwambia Layla. "Usiondoke."

Wakaingia msituni, wote watatu, na Mwalimu Titus akawafuata nyuma akihema. Hakuna aliyekumbuka kuweka jiwe.

Layla alibaki peke yake. Mvua sasa ilikuwa imefika hapo pia, nzito na ya baridi. Alisimama kando ya mwamba mtupu, maji yakiutiririkia. Kisha alipiga magoti kwenye nyasi akaanza kutafuta. Alipapasa kila mahali, akakatwa na nyasi vidoleni, akaokota mawe yasiyo lile akayatupa. Hatimaye aliligusa, akalijua kwa mkono kabla ya kuliona. Alilirudisha juu ya mwamba, mahali pale pale lilipokuwa asubuhi. Alijua kwamba kufanya hivyo hakusaidii kitu. Hata hivyo alikaa akilishikilia kwa viganja vyote viwili na kumwomba Mungu, akilia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Yaliyotokea mtoni aliyasikia baadaye. Mutindi hakufika hata kwenye simu. Jiwe lililegea chini ya mguu wake akaanguka hadi mchangani, na mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Maji yalipokuja, yalimbeba na kumgongesha kwenye miamba, mpaka akakumbatia mizizi ya mkuyu uliokuwa ukingoni. Masila alimkuta hapo, maji yamemfika kifuani. Alijifunga kamba, Zubair na Mwalimu wakaishika upande wa pili, naye akaingia. Maji yalimwangusha na kumzamisha, akainuka tena. Kamanthe alisimama ukingoni akiliita jina la mwanawe bila kunyamaza, ili asije akasinzia na kuachia mizizi. Walimtoa akiwa hai.

Layla alichoona yeye ni watu wanne wakitokea kwenye mikaratusi na giza likianza kuingia, wamebeba koti la kijani kila mmoja kwa pembe yake. Ndani ya koti alikuwa Mutindi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na mguu mmoja ulielekea upande usio wake. Hawakusimama langoni. Gari lililoitwa kwa simu, lililokuwa likingoja barabarani, likampeleka hospitalini.

Alifanyiwa upasuaji, kisha akafanyiwa mwingine. Mfupa ulikuwa umesagika mahali ambapo maji yaliugongesha mara kwa mara. Daktari aliwaeleza kwa lugha ya kueleweka. Mguu hautakatwa, lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Atatembea. Hatakimbia tena.

Layla aliporuhusiwa kwenda kumwona, Kamanthe alikuwa kando ya kitanda akimlisha uji. Mutindi alimwona rafiki yake akatabasamu, na Layla akatamani asingetabasamu.

"Unajua, Layla, nilipoanguka ningeweza kujivuta nikapanda juu kidogo," Mutindi alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lakini nilikumbuka maneno ya Bwana Masila. Nikasema, nitakaa hapa hapa. Jiwe langu liko pale, tena jeupe, hawawezi kukosa kuliona. Hata maji yalipokuja nilijiambia, wako njiani."

Layla alimtazama Kamanthe. Kamanthe aliinamia kikombe cha uji. Hakuwa amemwambia binti yake. Alikuwa amemwachia Layla mwenyewe.

"Halikuwapo," Layla alisema. "Nililitupa. Mwalimu alipouliza, nilimwambia umeenda nyumbani. Niliogopa wasije wakakufukuza klabu."

Mutindi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Halafu akageuza uso akauelekeza ukutani.

"Enda nyumbani, Layla," Kamanthe alisema kwa upole. "Siku nyingine."

Siku hiyo nyingine ilichelewa. Muhula mzima kiti cha Mutindi kilikaa kitupu. Layla alinakili masomo yote na kuyapeleka nyumbani kwa Kamanthe, akayaacha mlangoni asipoitwa ndani. Mwalimu Titus alisimama mbele ya shule yote gwarideni akasema kwamba na yeye alikosa, kwa sababu aliuhesabu mwamba badala ya kuwahesabu watoto, na kwa sababu aliwatisha wanafunzi mpaka wakaogopa kumwambia ukweli. Akina mama wa kuni nao walikasirika sana. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kugusa jiwe la mwenzake. Sasa wakitoka msituni walianza kuitana majina, kwa kuwa hawakuuamini tena mwamba. Layla alipowapita njiani waliitikia salamu yake, lakini hawakusimama.

Kisha siku moja Layla alikuta mlango wa Kamanthe uko wazi. "Ingia," sauti ya Mutindi ilisema kutoka ndani. "Mwandiko wako wa hesabu hausomeki." Walikaa wakasoma. Hawakuzungumza juu ya mto.

Klabu iliporudi Kithunguni, Mutindi alikwenda nao akitembelea fimbo. Kamanthe alikataa mwanzoni, kisha akakubali kwa sharti kwamba na yeye aende. Langoni, Layla alitoa jiwe jeupe kwenye mfuko wa sketi yake. Alikuwa amelitunza tangu siku ile. Alimkabidhi mwenye nalo. Mutindi aliligeuza mkononi, akaliweka juu ya mwamba, na Layla akaweka kando yake la kijivu aliloliokota hapo.

Walitembea mwendo wa Mutindi. Pale ukingoni alisimama kidogo akautazama mto, ambao ulikuwa umerudia wembamba wake kana kwamba haujawahi kumtendea mtu ubaya, kisha akasema waendelee. Njia ambayo mama mwenye mtoto mgongoni huimaliza bila kutweta ilimtoa jasho la uso mzima. Walipofika langoni wenzao wote walikuwa wametoka, na juu ya mwamba yalibaki mawe yao tu. Kamanthe alitoa lake kwanza. Mwamba ule uko chini, na Mutindi alikuwa amechoka hata kuinama.

"Layla," alisema, "nitolee jiwe langu."

Layla alinyoosha mkono. Halafu akaurudisha, akamtazama Masila.

"Hapana," Masila alisema. "Hata akikuomba." Alikuja akasimama kati yao. "Nisikilizeni nyote wawili. Layla, wewe ulimpenda mwenzako, na hilo sina shaka nalo. Lakini kumfichia mtu kosa si kumpenda. Ungesema kweli siku ile, angepata adhabu ya shuleni tu, na sisi tungemfikia maji yakiwa bado milimani. Ulimwondolea adhabu hiyo, na tazama alichopata badala yake. Mtu akiwa hatarini, kitu cha kwanza anachohitaji kwako ni ukweli. Mengine yote yatafuata baadaye." Akamgeukia Mutindi. "Na wewe, jiwe lako ni lako. Litoe mwenyewe. Hata ukituweka hapa mpaka jioni, tutangoja."

Mutindi alimpa mama yake fimbo. Layla alimshika kiwiko cha upande mmoja, Kamanthe upande wa pili. Aliinama polepole, mguu mbovu ukitetemeka, akalichukua jiwe jeupe. Hakulitupa. Alisimama nalo akipumua kwa nguvu, akautazama mwamba.

"Bado moja," alisema. "La kijivu. Toa lako, Layla, twende nyumbani."

Layla alitoa lake. Masila aliutazama mwamba mtupu, kisha akawatazama wao, mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Ndipo akafunga lango.